Kyushu kwa baiskeli: njia ya mmisionari kijana kutoka Provo hadi Kagoshima

Kabla ya ndege kuna makaratasi. Kijana wa Kimormoni anayetumwa Japani hachagui nchi wala mji. Barua ya wito humtajia misheni yake, yaani eneo la kazi, na Japani zipo kadhaa, zikiwemo Sapporo, Tokyo mbili, Nagoya, Kobe na Fukuoka, ambayo ndiyo ya Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini. Wavulana huanza wakiwa na miaka 18 na hukaa miezi 24, wasichana hukaa miezi 18. Kanisa lenyewe tangu 2018 limesisitiza liitwe kwa jina lake kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ingawa mitaani jina la zamani bado linatamba. Mshahara hakuna. Familia ya Kimarekani huchangia dola 500 kwa mwezi, na kiwango hicho hakibadiliki hata kama mtoto katumwa kwenye nchi ya gharama kubwa kama hii, kwa sababu michango huingia mfuko mmoja na kugawanywa kutoka huko.

Karatasi inayochelewesha wengi ni Cheti cha Ustahiki, ambacho idara ya uhamiaji ya Japani hutoa kabla ubalozi haujagonga viza ya shughuli za kidini. Kisipofika kwa wakati, kijana hupewa eneo la muda nchini kwake na kuanza kazi huko huku akisubiri.

Wamarekani wengi hupitia kituo cha mafunzo cha Provo, Utah, na kwa Kijapani mafunzo huchukua karibu miezi miwili. Walimu wengi ni wamisionari waliorudi, nao hujigeuza wenyeji: anakaa kwenye kiti, anajifanya bibi wa Kumamoto aliyefiwa na mume, na wanafunzi wawili wanamfundisha kwa Kijapani cha kubabaika. Mbinu ni nzuri, lakini ina pengo. Mwanafunzi anatoka akijua kuomba na kutoa ushuhuda kwa sentensi zilizonyooka, halafu hasikii hata nusu ya anachojibiwa. Mzee wa Kyushu haongei kama mwalimu wa Provo, lahaja yake ni nyingine. Miezi ya kwanza huko ni ya kusikiliza, na anayelazimisha kuongea sana huishia kumchosha mwenzake.

Tunatua Fukuoka. Pale uwanjani afisa wa uhamiaji anatoa kadi ya ukaazi papo hapo, na kuanzia hapo kadi hiyo haibaki nyumbani hata unapokwenda kutupa taka, kwa kuwa polisi ana haki ya kuiomba popote. Ukishapata makazi una siku 14 za kuandikisha anwani ofisi ya manispaa. Kila uhamisho wa kwenda mji mwingine unarudisha mzunguko huohuo: unajiondoa ulikotoka, unajiandikisha ulikofika. Wanaosahau hujikuta na kadi yenye anwani ya mji walioacha zamani, na hiyo ni kesi ya kujitakia.

Fleti hulipiwa na misheni. Wanakaa wawili, na wawili hao hawaachani: mmoja akienda dukani, mwenzake yuko naye. Kuamka ni saa 12:30 asubuhi, kisha mazoezi, kifungua kinywa, masomo ya peke yako na ya pamoja, kutoka asubuhi inapokomaa, kurudi saa tatu au tatu na nusu usiku, taa kuzimwa saa 4:30. Tangu 2017 ratiba imelegezwa kidogo ifuate mazingira ya nchi. Wengi huiona kama jeshi. Mimi naiona kama kinga: vijana wa miaka 19 wanaokataliwa siku nzima wasingedumu wiki mbili bila saa ya kulala na mtu wa kula naye.

Chombo cha kazi ni baiskeli, na hapa ndipo wageni wanapoumia bila sababu. Baiskeli za kawaida za mjini Japani zina valvu ya Kiingereza, ambayo haiingii pampu ya Kifaransa wala ya Kimarekani bila kishikizo chake. Ndani ya valvu hiyo kuna kimpira chembamba kama mrija. Kikizeeka, tairi linalegea kila asubuhi, na mtu anahangaika kutafuta pancha isiyokuwepo. Dawa yake ni hii: fungua nati, chomoa kijiti cha valvu, vua kimpira kilichooza, vika kipya mpaka kifike mwisho, rudisha, jaza upepo. Ni kazi ya dakika tano, na kimpira hakizidi thamani ya pipi. Kibadilishe angalau mara moja kwa mwaka hata kama hakijaleta shida, kwa sababu tairi laini ndilo linalobana tyubu kwenye kingo za lami na kuleta pancha ya kweli.

Kila baiskeli huandikishwa dhidi ya wizi na kubandikwa stika yenye namba. Polisi wa zamu ya usiku hupenda kusimamisha wageni na kusoma namba hiyo. Hapo huanza kizaazaa cha baiskeli za kurithi: mmisionari aliyeondoka kamwachia mwenzake bila karatasi ya kukabidhiana, na jina linalotokea kituoni ni la mtu aliyekwisha kurudi kwao. Andikeni hati ya kukabidhiana, mwishie dukani kubadilisha jina. Endesha kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, taa ikiwaka usiku, na mwavuli usiushike. Simu ndiyo usithubutu: tangu Novemba 2024 kuishika ukiendesha kunaweza kukugharimu faini ya hadi yeni 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Mvua za Juni na Julai zinataka suti kamili ya mvua, koti na suruali, na mfuko wa plastiki ndani ya begi, kwa sababu vitabu hulowa kabla yako.

Sasa milango. Majengo mengi mapya yana lango linalofunguliwa na mkaazi tu, kwa hiyo unabonyeza namba, unaonekana kwenye kamera, na jibu linakuja kwa adabu kubwa: hapana, asante. Mjapani hakufokei. Anakushukuru, na mazungumzo yamekwisha. Tangu Julai 2022, waziri mkuu wa zamani Abe Shinzo alipouawa na mtu ambaye mama yake alitoa mali nyingi kwa Kanisa la Muungano, dini iliyoanzia Korea, neno dini mlangoni limekuwa zito zaidi, na Desemba ya mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti uchangishaji wa hila. Kwa hiyo swali la fedha halikwepeki. Zaka ya Wamormoni ni asilimia 10 ya kipato, na mmisionari mwenye busara huisema mapema, waziwazi, kabla mtu hajaisoma mtandaoni na kuona kuwa alifichwa.

Kwa maoni yangu, kugonga milango Kyushu ni mazoezi ya miguu. Watu wanaofika kubatizwa mara nyingi hupitia kwa mwenyeji: muumini anayefanya nao kazi, jirani, au darasa la Kiingereza. Darasa hilo ni la bure na hufanyika kanisani jioni. Kanuni yake moja tu: kama mwishoni kuna ujumbe mfupi wa kidini, utangazwe mwanzoni na mtu awe huru kuondoka. Likifichwa hilo, darasa hufa. Waumini walioandikishwa Japani nzima ni takriban 130,000 na wengi hawaonekani Jumapili, kwa hiyo jioni nyingi za mmisionari huishia kwa mzee aliyebatizwa miaka mingi iliyopita. Ukiingia kwake, vua viatu na uvigeuze vitazame mlango. Ukipewa chai ya kijani, Neno la Hekima, kanuni ya afya ya Wamormoni, linakukataza. Omba chai ya shayiri, ambayo haina shida na karibu kila nyumba inayo wakati wa joto.

Nagasaki inakulazimisha kuacha baiskeli. Mji umejengwa juu ya miteremko, nyumba nyingi hufikiwa kwa ngazi tu, na mguu unafanya kazi ya tairi. Hapa Ukristo una kumbukumbu yake: mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa kilima cha Nishizaka, na baada ya hapo watu wakaishi imani kwa siri hadi marufuku ilipoondolewa 1873. Wamormoni walifika Japani 1901 tu, na Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kijapani 1909. Mgeni anayeanza kuwaeleza watu wa Nagasaki Yesu ni nani kana kwamba hawajamsikia hujiaibisha.

Kagoshima adui ni majivu. Volkano ya Sakurajima iko ng'ambo ya ghuba, kilomita chache tu, na majira ya joto upepo huyaleta mjini. Shati jeupe likishapata vumbi hilo, usilipanguse kwa mkono wenye jasho. Lining'inize, lipige taratibu likiwa kavu, ndipo lioshwe. Majivu ni chembe za kioo, yakisuguliwa yanakwaruza miwani na yakilowa yanaganda kwenye kola. Nguo zianikwe ndani. Mnyororo wa baiskeli upanguswe kwanza ndipo upakwe oili, la sivyo unatengeneza msasa. Manispaa hutoa mifuko ya manjano ya kukusanyia majivu. Usiyachanganye na taka nyingine.

Ubatizo una hatua zake. Mtu lazima awe amehudhuria kanisani na kuahidi kushika amri, kisha kiongozi wa wilaya ya wamisionari, asiye mwalimu wake, humhoji kwa maswali yaliyopangwa. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya wazazi. Birika la ubatizo hujaa polepole, kwa hiyo fungua bomba mapema, tena lisiachwe bila mtu wa kulinda, watoto hawakawii. Sala husemwa neno kwa neno, na mashahidi wawili huangalia kama mwili mzima umezama. Kinachoharibu mara kwa mara ni kidole cha mguu au upindo wa vazi jeupe kuelea, kikionekana, mnarudia. Mwambie mtu akunje magoti na ashike mkono wako, hapo hakuna kinachobaki juu.

Jumatatu ndiyo siku ya kufua, kununua na kupiga simu nyumbani, ambayo tangu Februari 2019 inaruhusiwa kila wiki. Ofisi za manispaa ziko wazi, hiyo ni bahati, ila makumbusho na vinyozi wengi wamefunga. Posho ya mwezi hukatika haraka kwa anayekula kwenye maduka ya saa 24. Supamaketi jioni hubandika stika za nusu bei kwenye chakula kilichopikwa, na wamisionari wa zamani wanazijua saa zake.

Uhamisho hutangazwa kila baada ya wiki sita. Sanduku hutangulia kwa kampuni za usafirishaji mizigo, zenye kikomo cha ukubwa na uzito, na kwa kawaida hufika kesho yake. Weka nguo za siku mbili kwenye begi la mgongoni. Siku ya kurudi kwao, mmisionari hujiondoa manispaa, hukabidhi baiskeli kwa hati na kurudisha kadi ya ukaazi uwanjani, lakini bado ni mmisionari, na kibandiko cha jina hakivuliwi mpaka rais wa kigingi chake nyumbani, yaani kiongozi wa makanisa ya eneo lake, amwachilie rasmi.