Siku moja maishani mwangu: mtunzaji wa programu huria

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nimekwisha kufungua kompyuta. Kazi inayonilipa mshahara huisha Ijumaa. Hii ya Jumamosi hainilipi kitu. Pamoja na wenzangu wawili ambao sijawahi kuonana nao ana kwa ana, ninatunza maktaba ndogo ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyo tayari kutumika, inayosoma faili za majedwali, zile ambazo thamani zake hutenganishwa kwa mkato. Waandaaji wa programu huichukua bure na kuipachika ndani ya kazi zao, na anayetumia programu zao hajui hata kama ipo.

Wengi hudhani kwamba mtu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, hushinda akiandika msimbo. Mimi hushinda nikisoma. Kufikia saa mbili nilikuwa nimepitia taarifa kumi na nne mpya za watumiaji: nyingi zilikuwa marudio, nyingine maswali yaliyokwisha kujibiwa katika nyaraka, na moja tangazo la biashara. Palikuwapo pia mchango wa mtu aliyekuja kwa mara ya kwanza, amesahihisha neno moja lililokosewa tahajia. Niliuunganisha na msimbo wetu papo hapo na kumshukuru, kwa kuwa nami niliingia kwa mlango huohuo.

Saa tatu nikafika kwenye taarifa ya bwana mmoja. Ilikuwa na sentensi tatu: kwamba maktaba yetu haioni safu ya kwanza ya faili lake, kwamba safu hiyo anaiona kwa macho yake mwenyewe, na kwamba kampuni yake inasubiri. Hakutaja toleo analotumia wala hakuambatanisha faili. Nilimjibu, “Ndugu, ahsante kwa taarifa, tafadhali tuwekee mistari miwili ya mwanzo ya faili.” Akanitumia picha ya skrini. Nikamweleza kwamba picha haisomwi na programu. Akajibu kwamba kama sina muda, niwakabidhi mradi watu wenye muda.

Neno hilo lilinikera kuliko alivyokusudia. Tangu Machi 2024, mtunzaji yeyote anayeambiwa akabidhi funguo hukumbuka kisa cha xz, programu huria ya kubana faili, ambapo mtunzaji aliyechoka alisukumwa na lawama hadi akamkaribisha msaidizi, na msaidizi huyo, baada ya kujijengea imani kwa miaka miwili hivi, akapenyeza ndani yake mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu tu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali, kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Basi sikukabidhi kitu. Ningeweza kumkumbusha kwamba leseni yetu inasema wazi kuwa programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, lakini leseni haijawahi kumtuliza mtu mwenye hasira.

Faili lenyewe lilifika karibu na saa sita. Nililifungua kwa kuangalia baiti zake, zile namba ndogo zinazounda faili, moja moja, na pale mwanzoni kabisa, kabla ya herufi ya kwanza, zilikaa tatu: EF BB BF. Ni alama isiyoonekana, U+FEFF, iliyowekwa zamani ili kuonyesha mpangilio wa baiti. UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaotumika sana leo, haiihitaji, ila baadhi ya programu za lahajedwali huiandika hata hivyo. Kwa hiyo jina la safu lilikuwa na herufi moja zaidi ya zile alizokuwa akiziona. Bwana yule hakuwa amekosea, na nilikiri hivyo mbele ya wote.

Kuiondoa alama hiyo ni kazi ya mistari minne, nikaandika nikiwa natabasamu. Majaribio yetu, ambayo kompyuta hukagua msimbo yenyewe, yanayoendeshwa kwenye mifumo mitatu ya uendeshaji, yakaanguka yote. Sababu ni kwamba maktaba husoma faili kwa vipande, na kipande cha kwanza kinaweza kuleta baiti moja tu kati ya zile tatu. Lazima usubiri nyingine kabla ya kuamua. Wala huruhusiwi kuifuta alama kila uionapo, maana katikati ya maandishi ni herufi halali. Hapo sikutazama saa tena. Nilirekebisha, nikasubiri majaribio dakika ishirini, yakaanguka, nikarekebisha, nikasubiri. Chakula nilikula nikiwa nimesimama. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka upande wake wa dunia, alipitia msimbo na kugundua kwamba nimesahau faili tupu kabisa, lisilo na hata baiti moja. Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa muda mfupi.

Giza lilikuwa limeingia tulipotoa toleo 2.4.1. Mistari minne ilikuwa imekuwa ishirini na sita, zaidi ya nusu yake majaribio. Nilimwandikia yule bwana, naye akaifunga taarifa yake bila neno. Niliridhika, nikiri: kuanzia usiku ule kuna safu nyingi zitakazosomeka bila mtu kujua kwamba ziliwahi kutosomeka.

Saa nne usiku ikaingia taarifa mpya. Mwandishi wake alikuwa ameigundua alama ileile zamani, na programu yake ilikuwa ikikata herufi ya kwanza ya kila faili kimyakimya. Sasa jina la safu yake ya kwanza limepungua herufi moja, na anauliza kwa upole ni nani aliyebadilisha. Nikaibandika lebo ya hitilafu, nikaandika jina langu mbele yake, nikazima kompyuta.