Siku moja maishani mwangu: napima unyanyapaa wa saratani ya matiti

Saa 12:30 asubuhi
Kabla ya kutoka nasoma dodoso lote kwa sauti, ingawa nimeshalikariri. Swali likisomwa kwa pupa, au kwa huruma iliyopitiliza, jibu hupinda. Maswali yetu yana mafungu matatu: mambo ambayo mwanamke ametendewa na watu, yale anayohofia kutendewa, na yale ambayo ameshayaamini juu ya nafsi yake. Mwaka 1963 mwanasosholojia Erving Goffman aliandika kuhusu alama inayomshusha mtu hadhi machoni pa wenzake. Sisi tunataka kuitia hiyo alama kwenye namba.

Saa 3:00
Mhojiwa wa kwanza ni mama mtu mzima. (Nimebadilisha mambo madogo madogo hapa ili asitambulike.) Nimemwamkia, nikamsomea fomu ya ridhaa, nikamwambia anaweza kuacha wakati wowote na matibabu yake hayataguswa. Kisha nikampa kadi yenye majibu manne, kuanzia "haijatokea kabisa" hadi "mara zote".

Watu wamekuwa wakikuepuka tangu ulipougua? Haijatokea kabisa.
Kuna mtu amekataa kula nawe au kutumia vyombo vyako? Haijatokea kabisa.
Umewahi kusikia wakikusema? Haijatokea kabisa.

Fungu zima, sifuri tupu. Kwenye karatasi huyu ni mwanamke aliyezungukwa na watu wema. Nilipokuwa nafunga faili akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani atanisema? Hakuna anayejua. Nyumbani wanadhani natibiwa mgongo."

Nikakaa tena. Akanieleza kuwa uvimbe aliugusa mwenyewe akioga, akanyamaza nao kwa miezi mingi, kwa kuwa aliwahi kuona mwenzake alivyoitwa mwenye laana. Kilemba anakivaa tangu zamani, kwa hiyo hata nywele zilipokatika kwa dawa hakuna aliyeshtuka. Anabeba peke yake mzigo ambao dodoso langu limeupa sifuri.

Majibu yake siruhusiwi kuyabadilisha, wala nisingetaka. Nikaandika pembeni maneno yake kama alivyoyasema.

Saa 5:30
Dada wa makamo, ametolewa titi la kushoto. Mumewe aliomba kukaa naye ndani. Nikamwomba kwa heshima asubiri nje, kwani maswali yanayomhusu mwenzi hayajibiki mwenzi akiwa kando. Tulipofika swali la kujitazama kwenye kioo, dada akalia. Utaratibu wetu ni kusimama hapo hapo, na mshauri nasaha yuko chumba cha pili. Dada alikaa naye kidogo, akarudi, akataka tuendelee. "Andika," akaniambia. "Hili hakuna aliyewahi kuniuliza."

Saa 7:00 mchana
Chakula, haraka.

Saa 8:00
Kikao cha timu. Tumetumia karibu saa nzima kwenye neno moja la tafsiri ya dodoso. Mfasiri wa kwanza aliandika "naona haya kwa sababu ya ugonjwa wangu". Mwenzake aliporudisha sentensi kwenye lugha ya awali bila kuona asili yake, ikatoka kama mtu mwenye staha. Ndivyo ilivyo: haya ni sifa njema, aibu ni jeraha, fedheha ni jambo ambalo watu wamekufanyia. Tumechukua "aibu". Hata neno "unyanyapaa" tumeliondoa kwenye maswali, maana wahojiwa wengi wakilisikia wanafikiria UKIMWI na wanajibu kuhusu watu wengine.

Kisha nikaleta kisa cha yule mama wa asubuhi. Mtakwimu wetu akasema maswali yanashikamana vizuri, kipimo cha mshikamano huo, alfa ya Cronbach, kimevuka 0.70, kiwango ambacho wengi hukiridhia. Sikumpinga. Ila alfa inapima kama maswali yanakwenda pamoja. Haiwezi kutuambia kama sifuri ya mtu imetokana na kupendwa au kujificha. Sifuri hizo mbili tukizichanganya, tutatoa ripoti inayosema hali ni nafuu mahali ambapo wanawake wameogopa kupita kiasi. Na woga huo ndio unaowachelewesha kliniki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwayo. Kuchelewa kuanza matibabu ni sehemu ya vifo hivyo.

Tumekubaliana kuongeza swali moja mbele ya fungu la kutendewa.

Saa 11:00 jioni
Kuingiza data. Sentensi njema kama "naweza kuzungumzia ugonjwa wangu bila woga" hugeuzwa alama zake kabla ya kujumlisha, ili alama kubwa imaanishe unyanyapaa mkubwa. Nimehakiki mara mbili.

Saa 2:00 usiku
Swali jipya nimeliandika mara sita. Limebaki hivi: "Kati ya watu unaoishi nao, ni wangapi wanajua unatibiwa nini?" Nitalijaribu kwa mhojiwa wa kwanza wa kesho, polepole, na nitasubiri jibu bila kumtazama kalamu ikiwa mkononi.