Njiwa hawalipi

Leo Ijumaa, na jibu la mzee wa stoo bado linanizunguka kichwani. Jumanne mwezeshaji wa semina alichora duara nne ubaoni: unachopenda, unachokiweza, dunia inachohitaji, unacholipwa. Katikati, kwa wino mwekundu, IKIGAI, neno la Kijapani la kile kinachoyapa maisha maana.

"Mzee wangu, nini kinakuamsha asubuhi?"

"Njiwa."

"Wanalipa?"

"Hawalipi, mwanangu. Wanakula tu."

"Basi hiyo ni hobi, siyo ikigai."

Watu wakacheka. Mzee akakunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati. Nami ninayejua mchoro ule ulikotoka nikanyamaza na soda yangu.



Ule mchoro hata si wa Wajapani! Aliuchora Andrés Zuzunaga, mnajimu wa Hispania, na katikati aliandika "kusudi". Mwaka 2014 mwanablogu Marc Winn akalitoa neno hilo, akaweka ikigai, ukaenea dunia nzima. Swali la malipo lilikuja na zile duara. Kwa Kijapani, iki ni kuishi. Gai, yaani kai, ni kile kinachofanya jambo listahili taabu yake. Mjukuu anatosha. Bustani ya mboga inatosha. Kule Ohsaki, Japani, watafiti walifuatilia watu 43,391 kwa miaka 7, na kuhusu ikigai waliuliza swali moja tu: unayo? Mshahara haukuwamo kwenye swali.

Aliyelichimba hasa neno hili ni Kamiya Mieko, daktari wa magonjwa ya akili katika Nagashima Aiseien, hospitali ya wagonjwa wa ukoma kisiwani huko Okayama, Japani. Kilichomsumbua: wagonjwa wawili, ugonjwa uleule, kisiwa kilekile, mmoja anaona siku zote tupu, mwenzake ana uhai machoni. Kwa nini? Katika kitabu chake cha 1966 alitenganisha ikigai yenyewe, yaani kile kitu, na ikigai-kan, hisia inayoletwa na kitu hicho. Watu wale sheria iliwatenga na jamii, sheria iliyofutwa 1996 tu. Uwapelekee duara ya mshahara! Hapo hasira zikaniisha, nikacheka peke yangu jikoni.

Karatasi ya mzee ingefaa hivi. Ichorwe safu tatu: kitu, saa kinapokuhitaji, na nani atashtuka usipokifanya. Wengi hukosea kwa kuandika makubwa. "Kusaidia jamii" haina saa. "Kuwamwagia njiwa mtama saa 12 na nusu asubuhi" inayo, na wa kushtuka wako juu ya bati wanasubiri. Wengine hutafuta kitu kimoja kikuu, wakati Kamiya alitaja mahitaji saba, yakiwemo uhuru, kuitikiwa na kuwa na kesho ya kutazamia, na ni nadra kitu kimoja kuyatosheleza yote. Njiwa wanajitahidi, tuseme kweli: ukipiga mluzi wanashuka, na yai likitagwa una siku 18 hivi za kutazamia.

Jumatatu nimwambie? Labda yeye kashasahau, na karatasi ile imeshatandikwa kwenye kiota.

Tangi la juu linafurika tena usiku huu. Boya limekwama, na fundi hapokei simu.