Stakabadhi ya Milioni Moja

Usiku huu nawaza deni ambalo Mfaransa Beaumarchais aliwadai Wamarekani, na bado linaniuma.

Machi 1776 Silas Deane alitumwa Ufaransa na makoloni ya Marekani yaliyoasi Uingereza, akatafute nguo na silaha za watu 25,000 pamoja na mizinga 100. Aliyemsaidia ni Beaumarchais, mtunzi wa tamthilia, kupitia kampuni ya jina la bandia, Roderigue Hortalez. Ufaransa haikuwa imeingia vitani, kwa hiyo msaada ulivikwa joho la biashara: mkataba, ankara, malipo kwa tumbaku. Mfalme wa Ufaransa alitoa livre (sarafu ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 1, Hispania milioni nyingine. Mengi yaliyobaki Beaumarchais aliyachukua kwa mkopo. Bunduki na baruti zilishushwa Portsmouth, New Hampshire, mwaka 1777, kabla ya ushindi wa Wamarekani dhidi ya Waingereza huko Saratoga. Tumbaku aliisubiri bure.

Deane alimtetea kwa Kongresi, bunge la Wamarekani: deni ni la kweli, alipwe. Lakini mjumbe mwenzake, Arthur Lee, alikwisha kuandika kwamba vyote ni zawadi ya mfalme. Deane akaitwa nyumbani, akafika Julai 1778 bila vitabu vyake vya hesabu. Alikuwa ameviacha Paris. Utetezi wa deni bila ankara ni neno dhidi ya neno, na la Lee lilitangulia.

Januari 1779 John Jay, rais wa Kongresi, alimwandikia Beaumarchais shukrani za Kongresi. Fedha zilisuasua. Mwaka 1793 Hamilton, waziri wa fedha wa Marekani, alikokotoa kwamba Beaumarchais bado anadai zaidi ya livre milioni 2.2. Kisha ikaibuka stakabadhi ya tarehe 10 Juni 1776, yenye sahihi yake: amepokea milioni 1 kwa amri ya Vergennes, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa. Wamarekani wakataka ikatwe kwenye deni. Isomeni tena! Inasema atatoa hesabu kwa Vergennes, Kongresi haitajwi. Usiri uleule uliowafikishia baruti ndio uliomfunga mdomo, kwani angewezaje kueleza hadharani fedha za siri za mfalme?

Mwaka 1795, akiwa mkimbizi hohehahe Hamburg, aliwaandikia Wamarekani akiomba haki yake. Alikufa 1799. Warithi wake walipokea faranga 800,000 mwaka 1835. Warithi wa Deane, ambaye naye alikufa amefilisika, walisubiri hadi 1842: dola 37,000, baada ya Kongresi kukiri kwamba ukaguzi wa hesabu zake ulikuwa na makosa.