Mfalme mwenye mwili wa watu

Leo mhadhiri katuwekea ukutani picha ya ukurasa wa mwanzo wa Leviathan, kitabu cha siasa cha mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, cha mwaka 1651.

Saa nane mchana, siasa ya Uingereza ya karne ya 17, na tumbo limejaa wali. Macho yalikuwa yanajifunga yenyewe.

Halafu akaikuza.

Mfalme jitu kachomoza nyuma ya vilima, mkono wa kulia upanga, wa kushoto fimbo ya askofu. Kumbe kifua na mikono yake yote ni watu! Mamia ya vijitu, wamebanana kama dagaa.

Na wote wametupa mgongo. Wanamtazama yeye tu.

Hobbes aliandika akiwa ukimbizini Paris. Kwao vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Januari 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa London. Kwa hiyo anasema: watu waahidiane wao kwa wao kumtii mtawala. Mtawala mwenyewe haahidi kitu, basi huwezi kumshtaki kwamba kavunja mkataba.

Ujanja mtupu, ukiniuliza mimi.

Jirani yangu kwenye benchi akaninong'oneza, "Na akishindwa kuwalinda?"

Hilo Hobbes kalijibu: ulinzi ukiisha, utii nao unaisha. Hata aliyehukumiwa kifo ana haki ya kupambana na wanaokuja kumuua.

Usingizi ukaniruka.

Sasa nani anaamua kwamba ulinzi umeisha, jitu au vijitu? Wanasheria na wanahistoria wa humu, njooni tubishane.