Mzee wa kwenye gari la kijivu

Juzi mwanangu alinikuta sebuleni nimefumba macho. "Baba, hilo neno unalosema moyoni ni lipi? Niambie na mimi." Sikumwambia; ni neno la kutafakaria, na tulifundishwa tusilitaje. Ila kutwa nzima mawazo yalinipeleka Fairfield, Iowa, kule Marekani, mwaka wangu wa kwanza wa kusomea kompyuta kwenye chuo cha Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa Kihindi wa kutafakari.

Waafrika tulifuata shahada na kazi, kutafakari tukakukuta kwenye ratiba: dakika 20 asubuhi, 20 jioni. Nilipenda mno kutafakari. Nisichokijua ni kwamba utulivu nao una madaraja. Chini sisi wa dakika 20. Juu yetu waliosoma kozi ya pili, ambao ndio huingia kwenye zile kuba mbili za rangi ya dhahabu, kumbi za kutafakari pamoja, ya wanaume na ya wanawake. Juu kabisa marajaa, viongozi wenye mataji, cheo alichokianzisha Maharishi mwenyewe. Mafunzo ya cheo hicho magazeti yalisema yaligharimu dola milioni 1. Hata milango ya majengo ilipangwa: unaotazama mashariki una baraka, unaotazama kusini una mkosi. Changu kilikuwa chumba cha mlango wa kusini, ndicho nilichokimudu.

Jioni moja ya Januari nilimsindikiza rafiki yangu mpaka kwenye kuba. Akaonyesha beji, akaingia. Nikageuka kuondoka, nikaona gari la kijivu kwenye maegesho, injini imezimwa, vioo vimejaa mvuke. Ndani, mzee kajifunika blanketi hadi kidevuni, kafumba macho, hatikisiki. Nilidhani ameganda. Nikagonga kioo. Akafumbua macho polepole, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Hakukasirika. Alisema beji hana tena, lakini kuba ile ilipojengwa na yeye alishika nyundo, na wenzake wako ndani. "Hapa karibu panatosha." Akanyoosha mkono, akanifungulia mlango wa pili. Nikaingia, tukafumba macho wote wawili, theluji ikianguka juu ya bati.

Mafundisho yenyewe yanasema watu wa kozi ya pili wakitafakari pamoja, hata wakiwa wachache tu, kipeuo cha pili cha asilimia 1 ya watu wote, amani huwafikia wote walio nje. Kama inapita ukutani, mlango unalindwa wa nini? Swali hilo sijalimaliza.

Rafiki yangu alipotoka alinikuta garini. Njiani akaniasa, kwa upendo kabisa, nisionekane tena na yule mzee kama naitaka kozi ya pili. Nikaitikia kwa kichwa. Kozi sikuifanya, ingawa siwezi kusema ni kwa ajili ya mzee; pesa pia sikuwa nayo.