Ba, be, bi, bo, bu mjini Tulsa

Kila Jumanne nikitoka kazini sipiti nyumbani. Navua ovaroli palepale kwenye karakana ya ndege, nanawa mikono hadi viwiko kwa ile sabuni yenye chengachenga, kisha naendesha gari dakika ishirini na tano hadi kanisa moja la kusini mwa Tulsa, Oklahoma, linalotuazima ukumbi. Saa moja kamili jioni mwalimu anapuliza filimbi yake ndogo ya duara, noti moja tu, na wanaume arobaini na kitu, wengi wao umri wa baba yangu, wanapandisha sauti: ba, be, bi, bo, bu.

Ndiyo, zile silabi za chekechea. Nitafika huko.

Uimbaji wetu unaitwa babashopu, yaani duka la kinyozi. Ni sauti nne bila ala yoyote. Wimbo wenyewe unabebwa na sauti ya pili kutoka juu, wanayoiita lidi. Juu ya lidi yupo anayeitwa tena (tenor), anayeimba kwa wepesi kiasi kwamba ukimtafuta humsikii, ila akinyamaza unajua kuna kitu kimetoka. Chini kabisa wapo besi. Na katikati, mara juu ya lidi mara chini yake, anarukaruka baritoni. Mimi ni baritoni.

Sikuja hivyo. Nimekulia Machame, Kilimanjaro, kwenye kwaya ya usharika, na nilikuwa besi tangu sauti iliponivunjika. Kwaya zetu kila sauti ina wimbo wake. Unaweza kukata majani ya ng'ombe peke yako shambani ukiimba besi tupu, na jirani ng'ambo ya mfereji akajua ni wimbo namba ngapi. Jumanne yangu ya kwanza hapa nikajitambulisha kuwa ni besi. Mwalimu alinisikiliza dakika mbili, akasema besi anao tisa, baritoni anao wanne, na mmoja wa hao wanne anafanyiwa upasuaji wa goti. Nikatumiwa rekodi za kujifunzia: sikio la kushoto sauti yangu, sikio la kulia wenzangu watatu. Nikizima upande wa kulia, kinachobaki hakifanani na wimbo wowote duniani. Noti moja inarudiwa mara tano, inaruka juu ghafla, inateremka nusu hatua, inakaa. Nilikaa na rekodi ile ndani ya gari wiki tatu.

Jumanne ya nne, wakati wa mapumziko, wazee watatu wakaniita koridoni, tukasimama duara, mabega yakigusana. Tukaimba tagi. Tagi ni kipande cha mwisho cha wimbo, pengine mistari miwili tu, na watu hawa wanajua tagi kwa mamia na wako tayari kumfundisha yeyote aliyesimama karibu. Tulipofika kwenye ile noti yangu iliyokuwa kama imepotea njia, ikaingia mahali pake. Sauti ikalia. Hivyo ndivyo ninavyoweza kuisema kwa Kiswahili: sauti ililia, kama kengele. Juu yetu, pale ambapo hakuna aliyekuwa anaimba, ikasikika sauti ya tano.

Jambo hilo lina maelezo yake, na kwa fundi wa ndege maelezo hayo yanaongeza utamu. Ndege ya panga boi mbili, moja ikiizidi nyingine kasi kidogo tu, abiria anasikia mngurumo unaopanda na kushuka: wuu, wuu, wuu. Unazisawazisha, mawimbi yanarefuka, yanarefuka tena, kisha yanatulia kuwa mngurumo mmoja. Koo za watu ni hivyohivyo. Mkusanyiko wa sauti nne ambao watu wa babashopu wanaupenda kuliko yote unatulia pale mitetemo inapokuwa katika uwiano wa 4:5:6:7. Piano haiwezi kuutoa uwiano huo, maana noti zake zimegawanywa sawasawa. Ile sauti yenye namba 7 kwenye uwiano huo inabidi iimbwe karibu theluthi ya nusu toni chini ya pale piano ilipo, na anayekuonyesha mahali hapo ni sikio lako na bega la jirani. Zikitulia hivyo, mitetemo ya juu ya kila sauti inakutana na kuongezeana nguvu, nawe unasikia noti ambayo hakuna aliyeifungulia kinywa.

Hapo ndipo silabi za chekechea zilipoingia. Sauti hazilii kama irabu hazifanani, na Kiingereza kina irabu zinazoteleza: mtu anaanza na a anamalizia na i, kila mmoja kwa wakati wake, na huko mtaani Oklahoma wanazivuta zaidi. Siku moja mwalimu alisimamisha wimbo akaniuliza, wewe unafanyaje hiyo a yako isitikisike? Nikamwambia kwetu a haina pa kwenda. Akataka nitamke irabu zetu zote. Nikatamka kama tulivyofundishwa, kwa fimbo ya mwalimu ikigonga ubao: ba, be, bi, bo, bu. Akaniita mbele. Tangu siku hiyo ndiyo tunayopashia koo moto. Mzee mmoja wa lidi ameyaandika kwenye karatasi na kuyabandika kwenye dashibodi ya gari lake.

Tulsa ndiko kilikozaliwa chama cha waimbaji hawa. Tarehe 11 Aprili 1938, wakili wa kodi O. C. Cash na mwenzake Rupert Hall waliwaalika wanaume wakaimbe juu ya paa la jengo la Tulsa Club, katikati ya mji, wakaja 26. Jengo bado lipo, sasa ni hoteli, na kila nikipita chini yake natazama juu. Wanawake nao walianzisha chama chao mwaka 1945, hapahapa Tulsa.

Lakini wimbo ulikuwapo kabla ya paa lile, na hili niliambiwa kwenye kiti cha kinyozi. Nanyolewa kaskazini ya mji, karibu na Greenwood, mtaa wa Weusi uliochomwa moto na umati wa Wazungu tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Mzee anayeninyoa alinisikia nikivumisha baritoni yangu, akazima mashine. Akaniuliza nimeipata wapi. Nilipomweleza, akasema babu yake, naye kinyozi, alikuwa akiimba hivyo na wenzake watatu mchana ambapo hakuna wateja, na kwamba mambo hayo yalianzia kwenye maduka kama lile. Nilikwenda kusoma, nikakuta ni kweli tupu. Mwandishi Mweusi James Weldon Johnson aliandika mwaka 1925 kwamba vinyozi Weusi wa Kusini mwa Marekani walikuwa na vikundi vyao vya sauti nne. Louis Armstrong, yule mwanamuziki wa jazi, kabla hajashika tarumbeta, aliimba kwenye kikundi cha watoto wanne mitaani New Orleans. Na chama kilichoanzia kwenye paa la Tulsa kiliwafungia Weusi mlango: mwaka 1941 kikundi cha wachukuzi Weusi wa stesheni, Grand Central Red Caps, kilishinda New York, kikazuiwa kwenda kushindana kitaifa. Mlango haukufunguliwa hadi 1963.

Nilikaa na habari hiyo siku saba, na Jumanne ikafika, nami sikujua kama nitakwenda. Nilikwenda. Wakati wa matangazo nikanyoosha mkono, nikasimulia yote, kuanzia kiti cha kinyozi. Ukumbi ulinyamaza. Kisha mzee wa besi aliyekuwa akisimama nyuma yangu kwenye ngazi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akasema: hili inabidi lisemwe jukwaani, si humu ndani tu. Sasa linasemwa. Kila tamasha letu linaanza na historia hiyo, na mara ya kwanza tulipoisema, yule kinyozi alikuwa kiti cha mstari wa pili, nimemkatia tiketi mimi. Naamini wimbo unaoficha mama yake hauwezi kulia.

Huyo mzee wa besi ndiye hasa ninayetaka kumsema leo.

Nilifika Marekani 2014 kusomea ufundi wa ndege, na miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa darasa, karakana, kitanda. Watanzania hapa ni wachache na kila mmoja ana zamu yake. Ningeweza kuugua Ijumaa na mtu wa kwanza kuuliza angekuwa msimamizi wa zamu Jumatatu. Kwaya ilibadilisha hilo kwa namna ya moja kwa moja kabisa: baritoni tulikuwa wanne, mmoja akikosekana panasikika shimo. Jumanne ya kwanza niliyokosa, kwa mafua, mzee alikuwa mlangoni kwangu saa nne usiku na supu ya kuku kwenye chombo cha plastiki, na vidonge vya koo. Vidonge hivyo alikuwa navyo siku zote mfuko wa shati. Kabla ya kuimba aliwapa jirani zake wa kushoto na kulia, kimoja kimoja, bila kusema neno.

Kumwita kwa jina lake la kwanza, kama walivyo hapa, kulinishinda. Nikawa namwamkia shikamoo. Akaniuliza maana yake, nikamweleza. Akaomba nimfundishe jibu. Kutoka hapo, kila Jumanne, kwa besi lake la chini kabisa: marahabaa.

Februari tulikuwa pamoja kwenye kikundi cha wanne cha Siku ya Wapendanao. Watu wanalipa, sisi tunakwenda mpaka kazini kwa mpenzi wao, tunaimba nyimbo mbili, tunaacha ua waridi na kadi. Fedha ni za mfuko wa kwaya. Tulitumwa kwenye gereji. Mama mmoja fundi akatoka chini ya lori, mikono myeusi kwa oili, akadhani tunauza kitu. Mume wake dereva alikuwa safarini jimbo jingine. Tulipoanza, akalipokea ua kwa vidole viwili asilichafue, na mkono wa pili akamshikia mumewe simu mpaka mwisho.

Januari mwaka huu mzee alifariki. Moyo, usingizini.

Maziko ya hapa ni mafupi. Tuliimba kaburini, watu wakakumbatiana, saa moja na nusu baadaye maegesho yalikuwa matupu. Nilibaki nimesimama. Kwetu Machame nyumba yenye msiba hailali peke yake. Majirani wanalala pale, moto unawaka nje, sufuria haziondolewi mafigani. Nikamfuata mwalimu kwenye gari lake nikamuuliza, mama mjane tunamwachaje leo? Hakunielewa mara moja. Nikamweleza matanga. Akafikiri, akasema Jumanne hatuendi kanisani.

Jumanne hiyo tulifanyia mazoezi sebuleni kwa mjane. Tulikuwa thelathini na mmoja. Waimbaji wa tena wakakaa kwenye ngazi za kwenda juu, lidi wakajaza sebule, baritoni tukabanana koridoni, besi wakaenda jikoni. Mwalimu akapuliza filimbi, tukaingia, na kitu kikawa kinakwaruza. Tukarudia. Kinakwaruza. Besi mmoja akasema, ni friji. Umeme wa Marekani unatetemeka mara 60 kwa sekunde, na mngurumo wake unaangukia katikati ya noti mbili, haupo kwenye hii wala ile, kwa hiyo ukiimba karibu yake unavutwa. Tulikuwa tunatazamana nani aombe ruhusa. Mama akapita katikati ya besi, akainama, akachomoa waya wa friji ukutani. Akasema, mume wangu alikuwa anauchomoa kila alipokuwa anajifunza nyimbo zenu, maziwa yangu yameharibika mara ngapi.

Akavuta kiti akakaa pale pale jikoni, pembeni ya besi. Tukaimba mpaka saa tatu na nusu. Mahali pa mzee paliachwa, kati ya friji na sinki. Mwisho tukashikana mikono duara kama ilivyo desturi ya kufunga, duara lililopita sebuleni, koridoni na jikoni, na mama ndani yake. Tumekwenda kwake Jumanne nne.

Usiku ule nikampigia mama yangu nikiwa nje kwenye gari. Machame ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, namsikia anamkemea ng'ombe. Nikamweleza tulivyofanya. Akasema mmefanya vizuri, mwanangu, sasa niimbie huo wimbo. Nikamwimbia sehemu yangu. Akanyamaza kidogo, akauliza, wimbo wenyewe uko wapi hapo?

Wazee walikuwa wanatoka mlangoni. Nikawaita watatu: tena, lidi, na besi mmoja mgeni aliyejiunga Septemba. Tukasimama duara kwenye baridi, simu katikati nimeishika juu, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Tukaimba tagi yote, tukashikilia noti ya mwisho mpaka ikalia.

Upande wa pili kimya. Kisha mama, aliyeimba sauti ya kwanza miaka thelathini:

"Nzuri sana. Imenisimamisha nywele. Ila huyo wa chini anakokota, mwambieni asiogope, aje mbele."

Nikamtafsiria. Kijana akacheka, akafuta pua kwa glavu, akasema turudie, mama bado yupo?

Yupo, nikasema. Tukarudia.